Kushoto kwa Fundi

Mume wangu Sadalla ana ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali ya Rungwe yenye dawa yake. Hakubali kwamba watu wawili wakitazamana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine. Kwake yeye kushoto ni kumoja tu duniani, nako ni upande ulipo mkono wake wa kushoto, popote atakapokuwa amesimama. Nimemzalia Amna na wadogo zake, nimemuuguza malaria, nimevumilia suruali za grisi kwenye beseni langu la kufulia, na hayo yote sikuyaona mazito kama hilo la kushoto.

Gereji yake iko Bulyaga, hapa mjini Tukuyu, ubavuni mwa nyumba yetu. Kuiita gereji ni heshima tu. Ni banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na mparachichi mmoja ambao tawi lake limechubuka kwa kufungiwa mnyororo wa kunyanyulia injini. Mimi ni fundi wa cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na banda, kwa hiyo hakuna linalofanyika mle nisiloliona. Babu yake alitoka Kilwa na biashara ya nguo, akaoa huku, akakaa. Sadalla mwenyewe hajaiona bahari hata siku moja, lakini akinuna hutangaza kwamba atarudi zake pwani. Huwa namuuliza kama nimfungie na sweta, maana baridi ya Tukuyu ndiyo anayoijua.

Ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni, Sadalla alikuwa mtu mkubwa. Spea hazikuwapo, basi bushi alichonga kwa tairi kuukuu, gasketi alikata kwa maboksi ya viatu, na gari lililokataa kwa wengine lilikubali kwake. Halafu ikaja ruksa, biashara ikawa huru. Mipaka ikalegea, mitumba ikamwagwa stendi, na wanawake waliokuwa wakinibembeleza niwashonee gauni la Krismasi wakaanza kuvaa magauni yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya. Barabara ya Kyela ikajaa magari ya Kijapani, na vijana wakafungua gereji zenye maandishi ya rangi. Sadalla akabaki na magari ya zamani. Hakulalamika. Alisema vijana wamejifunza kubadilisha spea, hawajajifunza kutengeneza gari, akaendelea kunywa chai yake.

Alichokipenda kuliko vyote ni usukani. "Injini ni kelele tu," husema. "Gari ni usukani." Na kazi ya usukani ina watu wawili, mmoja ndani anazungusha, mwingine nje anatazama matairi. Kwa kuwa hakumwamini mtu, wa ndani nilikuwa mimi. Niliacha cherehani, nikapanda, yeye akachuchumaa mbele ya bampa, namwona kofia tu. Akapaza sauti, "Kushoto!" Nikazungusha kushoto. "Kushoto nimesema!" Ndiyo hiyo kushoto. "Hasina, kushoto huku!" Tuligombana hivyo mpaka majirani wakawa wanakuja na vigoda vyao, na mwisho akatoa amri: "Gereji hii ina kushoto kumoja tu. Kushoto kwa fundi!" Nikajifunza. Akisema kushoto, mimi nazungusha kulia, naye anaridhika. Wanawake wengi wanaishi na mambo mabaya kuliko hilo.

Kazi ikikamilika alikuwa anahesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, anachukua nusu yake, kisha juu kabisa ya usukani anafunga kitambaa chekundu kutoka kwenye vipande vyangu vya kushonea. Kitambaa kikiwa juu, matairi yamenyooka. Ukiona gari la zamani lenye kitambaa chekundu kwenye usukani, hapa mjini au Suma au wapi, ujue limepita kwa Sadalla.

Basi mwaka mmoja wa ruksa hiyo akaja Mzee Andongwisye wa Ikuti.

Mzee Andongwisye alikuwa mkulima wa chai na migomba, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti jeusi lililokuwa likifungwa vifungo vyote hata juani. Alikuwa na Landrova fupi ya kijani aliyoinunua kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Tangu ainunue, hakuna mkono mwingine uliowahi kushika usukani wake. Binti yake wa mwisho, Tulia, nusura azaliwe ndani ya gari hilo. Usiku huo, mkewe akiugulia uchungu kwenye kiti cha pembeni, Mzee aliahidi kwamba mtoto akitoka salama, siku ya kuolewa atampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari hilo hilo. Mkewe alicheka katikati ya uchungu. Sasa mama wa watu alikwisha kutangulia, Tulia alikuwa ameposwa na kijana wa Suma, harusi ilikuwa Jumamosi, na gauni lake lilikuwa kwenye cherehani yangu.

Tabu ilikuwa kwamba Landrova ilikuwa inapepesuka. Ikiwa katikati ya njia, mara iko ukingoni, mara imerudi, mara imevuka. Watu wa Ikuti wakisikia mlio wake walikuwa wanaruka mtaroni na mizigo yao kichwani. Wenye midomo wakasema Mzee ameanza kimpumu uzeeni, yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe. Waliomheshimu walisema ni macho. Na kijana wake Wilson, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na Corolla nyeupe iliyokuwa bado inanuka bandari, alimweleza babake kwa upole: "Baba, gari halina kosa. Ni wewe umechoka. Niachie ufunguo, Tulia nitampeleka mimi." Upole ule ndio uliomuumiza. Angegombezwa, angejua la kujibu.

Alikuja kwetu siku hiyo hiyo, peke yake ndani ya gari, polepole, gari likiandika mawimbi barabarani. Akashuka, akamsalimu Sadalla, akaniamkia mimi kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," nami nikamjibu, "Ndaga, tata." Kisha akasimama mbele ya mume wangu na kofia mkononi.

"Gwe fundi," akasema, "nataka uniambie kweli, usinionee haya. Hii gali ndiyo imelewa, ama ni mimi?"

Sadalla aliingiza mkono dirishani, akautikisa usukani huku na huku. Usukani ukacheza, matairi yakatulia tuli.

"Mzee," akasema, "usukani huu na matairi haya hawasemezani. Wewe hujalewa."

Sijawahi kuona mtu akishusha pumzi vile. Lakini Mzee hakuwa mtu wa kujifurahisha bure. Alisema, "Basi tengeneza. Nikiendesha halafu bado inapepesuka, nitajua ni mimi. Nitampa Wilson ufunguo na sitaudai tena." Alisema hivyo mbele yangu, na mbele ya Wilson aliyekuwa amemfuata nyuma na Corolla yake. Nikajua tangu hapo kwamba haikuwa habari ya gari.

Sadalla akaanza na kurekebisha. Aliniita nitazame, maana kazi isiyo na mtazamaji kwake haina ladha. Chini ya usukani wa Landrova, mwisho wa fimbo yake, kuna boksi la chuma, na mafundi wote wa huku huliita stelingi boksi. Ndani yake mna mche wenye nyuzi kama za parafujo, na gololi zinazotembea kwenye nyuzi hizo. Ukizungusha usukani, nyuzi zinausukuma mkono wa chuma, nao unayasukuma matairi. Ubavuni pana skrubu ya kukazia. Aliikaza, ule mchezo wa usukani ukaisha, akapiga mluzi. Akakata kona uani, usukani ukagoma kama mbuzi aliyeona mvua. Akailegeza, kona ikakubali, mchezo ukarudi. Kaza, legeza, kaza, legeza, mpaka mluzi ukaisha.

"Zimelika katikati," akaniambia. "Pale pa kwenda moja kwa moja. Pembeni nzima, katikati hamna kitu. Nikikaza kwa ajili ya katikati, pembeni panabana. Boksi limekwisha, Mama Amna."

Zamani hapo ndipo hadithi ingeishia. Lakini tulikuwa kwenye ruksa, na mdogo wangu Rayyan alikuwa akitandaza spea za mitumba karibu na stendi, vitu vya Tunduma, vitu vya Zambia, vitu visivyojulikana vya wapi. Alikwenda akarudi na stelingi boksi limefungwa gunia, limejaa grisi.

"Shemeji, hili limetoka Zaire," akasema. "Landrova yake iliuawa na kutu tu, boksi lenyewe halijatumika sana. Zungusha uone."

Sadalla akazungusha, akalinusa, karibu alibusu. Hakukuwa na mchezo hata wa unywele. Lile kuukuu mimi nikalichukua kuzuia mlango wangu, kwa sababu upepo wa Tukuyu ulikuwa unanipeperushia vitambaa.

Alhamisi alilifunga lile la Zaire. Mashimo yote yakakubali, ila ilimbidi aligeuze kidogo na kulitia bamba la chuma upande mmoja likae sawa, jambo ambalo kwa Sadalla si kasoro, ni starehe. Kisha akapiga jeki matairi ya mbele na kuniita. Nilikuwa na pini midomoni, gauni la Tulia limelala mapajani. Nikaliacha kwa uchungu, nikapanda.

"Kushoto!" akasema ile kofia mbele ya bampa.

Kushoto kwa fundi. Nikazungusha kulia kwangu, kama siku zote.

"Hasina! Kushoto!"

"Nimepeleka kushoto!"

"Kushoto kwa fundi!"

"Ndiyo hiyo hiyo, kushoto kwa fundi!"

"Umepeleka kushoto kwako wewe. Mimi si naona matairi? Akili yako iko kwenye harusi."

"Akili yangu iko kwenye usukani, na mkono wangu huu hapa!"

"Basi sawa, leo fuata kwako. Kulia! Kushoto! Umeona, ukifuata kwako mambo yanakwenda."

Hapo damu ilinichemka. Miaka yote hiyo nimegeuza ulimwengu kichwani mwangu kwa ajili yake, na siku nilipofanya sawasawa naambiwa nimekosea. Nikashuka, nikaufunga mlango wa Landrova kwa nguvu ambazo Mzee asingezipenda, nikarudi kwenye cherehani. Sadalla alimalizia mwenyewe kuhesabu mizunguko, akaingia kwenye vipande vyangu bila kuomba, akachukua kitambaa chekundu, akakifunga. Alikuwa anaimba. Nilishona mshono mmoja mara mbili kwa hasira.

Haikupita muda wakaja. Tulia alikuja kujaribu gauni, na babake na kakake wakaja kuona gari. Mzee alizunguka Landrova yake, akakigusa kitambaa chekundu kwa kidole, akatabasamu.

"Panda, Mzee," Sadalla akasema. "Mimi sitaijaribu kabla yako. Toka nayo getini, shika njia ya mjini, zunguka urudi. Mtoto anaweza kuiendesha."

Mzee akapanda, akawasha. Kutoka bandani hadi getini ni njia iliyonyooka, na Landrova ikaenda imenyooka kabisa, kitambaa kikiwa juu, hata Wilson akapiga makofi. Sadalla alikuwa amesimama barabarani akimwonyesha kwa mkono njia ya mjini, upande wa kushoto wa dereva. Mzee akafika getini, akakata kona.

Landrova ikaenda kulia.

Ikaenda kulia polepole, kwa adabu, Sadalla akiruka pembeni, ikavuka barabara, na kadiri Mzee alivyozidi kuzungusha ndivyo ilivyozidi kwenda huko huko, mpaka ikaingia kwenye migomba ya jirani na kuzima. Mkungu mmoja ulisitasita, kisha ukaanguka juu ya boneti. Hakuna aliyeumia. Kama si Mzee aliyekuwa ndani, ningecheka mpaka nikae chini.

Mzee akashuka. Alikuwa ameshika ufunguo.

"Baba," Wilson akasema, "umeonyeshwa kushoto."

"Nilikata kushoto, mwanangu."

"Baba, gari liko kwenye migomba."

Mzee akageuka akalitazama gari lake. "Nilikata kushoto," akarudia, lakini safari hii alikuwa anajiuliza. Akamfungulia Wilson kiganja, akaweka ufunguo ndani yake, akakifunga kiganja cha mwanawe kwa mikono yake miwili. Kisha akavuka barabara akaja kukaa kwenye benchi la kibaraza changu. Tulia alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la harusi lenye pini, machozi yanamtoka. Hata Sadalla alikuwa ameinamisha kichwa, na Sadalla hainamishi kichwa ila kutafuta nati.

"Mama," Mzee akaniambia taratibu, "mtu akizeeka macho, anajua. Akizeeka miguu, anajua. Mimi niliiona mikono yangu ikienda kushoto. Kama mikono inaweza kunidanganya mimi mwenyewe, basi kweli nimekwisha."

Nilitaka kumwambia pole. Badala yake nikasikia masikioni mwangu, *Umepeleka kushoto kwako wewe. Mimi si naona matairi?* Mikono yangu pia ilikuwa imekwenda upande mmoja, na mimi pia nikaambiwa nimekosea. Nami sijazeeka. Nikatema pini zote.

"Baba Amna!" Nilipiga kelele mpaka vijana wa gereji ya pili wakatoka. "Toa gari kwenye migomba, irudishe, piga jeki!"

"Hasina, si wakati wa ..."

"Piga jeki, Sadalla!"

Nikimwita jina lake mbele za watu, huwa anajua. Wakaisukuma Landrova kinyumenyume hadi uani, jeki ikapigwa, nikapanda. Nikamweka Wilson kwenye mlango wa gari, ubavuni pangu. "Wewe tazama kitambaa chekundu," nikamwambia. "Na wewe, fundi, tazama matairi, na usiseme kushoto wala kulia. Onyesha kwa kidole tu yanakokwenda."

Nikazungusha. Kitambaa chekundu kikashuka kushoto. Mbele ya bampa, kidole cha mume wangu kilikuwa kinaonyesha kulia kwangu.

Nikarudisha, nikazungusha kulia. Kidole kikaenda kushoto.

Wilson akaomba nishuke, akapanda yeye, akazungusha, akachungulia dirishani, akazungusha tena. Rayyan, aliyekuwa amekuja mbio baada ya kusikia boksi lake la Zaire limeua migomba, akajipiga kofi la paji la uso.

"Zaire!" akasema. "Kule dereva anakaa kushoto! Nyuzi zao zimekatwa kinyume! Dada, wallahi sikuwaza."

"Hukuwaza wewe, na aliyelifunga je?" nikasema. Sadalla alikuwa bado kapiga magoti mbele ya bampa, amekitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Mzee alikuwa amesimama pale benchini. Alikatiza uani bila kutazama huku wala huku, akaja akaingiza mkono dirishani, akausogeza usukani kushoto mwenyewe, na kuinama kuona matairi yakienda kulia. Akafanya hivyo tena na tena.

"Mwe! Kumbe mikono yangu ilisema kweli," akasema. Akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa chembamba kwa mtu mrefu vile, na Tulia akamkumbatia na gauni lake lote la pini, nami nikalia waziwazi wala sikujifuta.

Wilson akatoa ufunguo. "Baba, nisamehe."

Mzee alimtazama, akatikisa kichwa. "Kaa nao kwanza. Bado sijaendesha gali nzima. Siku nitakayoendesha gali nzima, ndiyo tutajua." Alikuwa na haki, na alikuwa mgumu, na niliogopa, maana boksi zima lilikuwa halipo.

Sadalla alimwomba Mzee radhi hapo hapo mbele ya watu wote, kwa maneno mengi na mazuri. Mimi hakuniomba. Alikuja kibarazani, akakwepa macho yangu, akainama, akalichukua lile boksi kuukuu mlangoni. Mlango ukajipiga.

Ijumaa, alipotoka msikitini, aliyafungua maboksi yote mawili juu ya gunia. Mche wa Zaire ulikuwa haufai, nyuzi zake zilikwenda kinyume, lakini gololi zake na beringi zake zilikuwa mpya na za kipimo kile kile. Akazihamishia kwenye boksi la Mzee. Nusu ya mchezo ikaisha kwa hilo tu. Akalifunga mahali pake, bila bamba safari hii, kisha akaniita kwa sauti ndogo nipande. Hakusema kushoto. Hakusema kulia. Alionyesha kwa kidole, kidogo kidogo, akigusa skrubu kwa bisibisi na kuiacha, mpaka usukani ukatoka mwisho hadi mwisho bila kugoma popote. Katikati akaacha mchezo kidogo, upana wa kidole.

Wilson alikuwa amekuja kutazama. Akaujaribu. "Fundi, bado unacheza katikati."

"Unacheza pakiwa pamenyooka," Sadalla akasema. "Wilson, baba, nionyeshe mahali paliponyooka kati ya Ikuti na kanisani, nami nitaikaza."

Wilson akafikiri sana. Akacheka, akakubali.

Jumamosi asubuhi nilipelekwa Ikuti na Corolla ili nimvalishe bibi harusi. Mvua ilikuwa ile ya Tukuyu, si kubwa, si ndogo, isiyokusudia kuondoka. Nilipomaliza kumfunga Tulia kifungo cha mwisho, Mzee alikuwa tayari kwenye usukani na koti lake jeusi, na Wilson amesimama mvuani akimpa ufunguo dirishani. "Ni wa kuwashia tu," Mzee akamwambia. "Ukiona napepesuka, piga honi." Tulia akakaa pembeni yake, mahali alipokaa mama yake. Mimi nikapanda nyuma na mkia wa gauni mapajani, Corolla ikatufuata.

Sijawahi kuogopa hivyo ndani ya gari. Nilimtazama Mzee mikono tu. Kona ya kwanza, mashambani mwa chai, akaikata na gari likaikata pamoja naye. Ya pili, ya kuteremkia mtoni, matope mekundu, kitambaa kikashuka, kikapanda, kikarudi juu. Mbele yetu wanawake walikuwa wanakuja na ndizi kichwani. Wakasikia mlio. Wakaruka mtaroni wote kwa pamoja kama walivyozoea, wakageuka kutazama, na Landrova ikapita upande wake wa njia bila kuwasogelea hata kidogo. Nikageukia kioo cha nyuma, nikawaona bado wamesimama mtaroni, midomo wazi. Mzee pia aliwaona kwenye kioo chake. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, na Tulia akamwitikia. Honi ya Corolla haikulia njia nzima.

Kanisani uwanja ulikuwa umejaa miamvuli na kwaya na nafasi moja tu nyembamba ya kuegesha, kati ya ngazi na ukuta. Na nani aliyekuwa amesimama mbele ya nafasi hiyo akiongoza magari, amevaa kanzu nyeupe na buti za gereji? Alikuwa amelowa chapa. Alipoiona Landrova akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Kushoto, Mzee!" akapiga kelele. "Kushoto!"

Mzee akakanyaga breki. Akashusha kioo, akatoa kichwa mvuani, na kwa sauti ile ya kusomea matangazo ya ibada akauliza:

"Gwe fundi! Kushoto kwa nani?"

Kanisa zima likaangua kicheko, hata waliokuwa hawajui wanacheka nini. Sadalla akasimama na mikono yake hewani. Kisha akachungulia kupitia kioo cha mbele, akanitafuta kule nyuma mpaka akaniona.

"Kwako, Mzee," akasema. "Kushoto ni kwa mwenye usukani."

Mzee akarudisha kichwa ndani, akaikata, akaingia katikati ya ngazi na ukuta bila kugusa chochote. Wilson akaja mbio na mwavuli kumfungulia dada yake mlango. Mzee akazima injini, akachomoa ufunguo, akamwonyesha mwanawe, kisha akautia mfukoni mwa koti lake jeusi na kufunga kifungo.